Nani Yumo Kwenye Orodha? Ufuatiliaji wa Afya za Familia za Kijeshi Baada ya Mafuta Kuingia Kwenye Maji ya Kunywa

Ikisiri

Makala hii inachunguza namna ya kufuatilia, kwa miongo kadhaa, afya za jamii za kijeshi zilizokunywa maji yenye mafuta. Kwa kulinganisha kisa cha Red Hill, Hawaii (2021), na kile cha Camp Lejeune, North Carolina (1953–1987), inadai kuwa ukali wa sumu pekee hauamui kama madhara yatajulikana. Kinachoamua zaidi ni orodha ya waliokunywa: iliandikwa lini, inamjumuisha nani, na iko mikononi mwa nani.

Utangulizi

Anayeijua harufu ya mafuta ya taa hahitaji maabara kumwambia kuwa yameingia kwenye maji. Yakidondoka kidogo tu ndoo nzima hunuka, na juu yake hutanda utando mwembamba wenye rangi za upinde wa mvua. Mwishoni mwa Novemba 2021, familia za wanajeshi wa Marekani zilizoishi karibu na Pearl Harbor, kisiwani Oahu, zilifungua mabomba ya jikoni zikakutana na harufu na utando wa namna hiyo. Kilichoingia ni JP-5, mafuta ya ndege za kijeshi yaliyo ya jamii moja na mafuta ya taa. Watu waliumwa vichwa, walitapika, waliharisha na kutokwa na vipele. Novemba 29, kamanda wa kambi aliwaandikia wakazi kuwa yeye na wafanyakazi wake walikuwa wakiyanywa maji hayo. Baadaye aliomba radhi. Siku hiyohiyo Idara ya Afya ya Hawaii iliwaonya watumiaji wasiyanywe wala kuyapikia.

Chanzo chake hakikuwa fumbo. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, Jeshi la Wanamaji lilichimba matangi 20 ndani ya mlima wa Red Hill, yenye uwezo wa kubeba jumla ya galoni milioni 250, takriban mita 30 tu juu ya hifadhi ya maji ya ardhini inayotegemewa na Honolulu. Mwaka 2014 tangi moja lilivuja galoni zipatazo 27,000. Mei 2021 bomba lilipasuka na mafuta yakaingia kwenye mfumo wa kuzimia moto, yakakaa humo kwa miezi. Novemba 20 kigari cha kubebea watu kiliigonga valvu ya mfumo huo, na galoni zinazokaribia 20,000 zikamwagika zikielekea kwenye kisima cha mfumo wa maji uliohudumia watu wapatao 93,000. Machi 2022 Waziri wa Ulinzi aliamuru matangi yaondolewe mafuta na kufungwa. Maji yalisafishwa, na familia zilizokuwa zimehamishiwa hotelini zikarudi nyumbani. Suala la miili yao, hata hivyo, ndipo lilipoanza.

Ushahidi haukai kwenye damu

Sehemu kubwa ya kemikali zilizomo katika mafuta ya aina hii hutoka mwilini haraka. Mama akipimwa damu wiki kadhaa baada ya kuacha kuyanywa maji hayo, kipimo kinaweza kurudi safi, na usafi huo usithibitishe lolote. Isitoshe, mengi tunayoyajua kuhusu madhara ya mafuta ya ndege yametokana na wafanyakazi waliovuta mvuke wake au kuguswa nayo kwenye ngozi, na majaribio ya wanyama. Kuhusu binadamu aliyeyanywa, kuyaogea na kuyapikia uji wa mtoto, sayansi ina machache sana ya kusema.

Basi ushahidi uutafute wapi? Uko kwenye karatasi: nani aliishi nyumba ipi, nyumba hiyo ilipata maji kutoka kisima kipi, alihamia lini, aliondoka lini. Karatasi hizo hupotea upesi zaidi katika jamii ya kijeshi kuliko katika jamii nyingi, kwa kuwa familia ya mwanajeshi huhamishwa kila baada ya miaka michache. Majirani walionusa maji pamoja leo wako Oahu. Kesho mmoja yuko Virginia, mwingine Japani, wa tatu ameacha jeshi. Kijijini, mzee anaweza kukumbuka kuwa watoto wa mtaa fulani waliugua mwaka fulani. Kambini hakuna mzee wa namna hiyo. Kumbukumbu ya pamoja husambaratika kwa amri ya uhamisho.

Funzo la Camp Lejeune

Gharama ya kuchelewa imeshaonekana. Katika kambi ya Camp Lejeune, kati ya 1953 na 1987, wanajeshi na familia zao walitumia maji yaliyochafuliwa na viyeyushi vya viwandani, hasa trikloroethilini, pamoja na benzini iliyotoka kwenye matangi ya mafuta yaliyovuja. Visima vilivyochafuka zaidi vilifungwa kati ya 1984 na 1985. Wakati huo hakuna aliyekuwa ameweka rekodi ya kiasi cha sumu iliyoingia katika kila nyumba, hivyo wataalamu wa ATSDR, wakala wa serikali kuu unaochunguza sumu na magonjwa, walilazimika kuijenga upya historia ya maji hayo kwa modeli za kompyuta.

Kazi yao ni ya kupigiwa mfano. Waliwalinganisha askari wa Lejeune na wenzao wa Camp Pendleton, California, kambi inayofanana nayo kwa aina ya watu lakini ambayo maji yake hayakuwa na uchafu huo, kila upande ukiwa na zaidi ya askari 150,000. Utafiti wa vifo ulitoka 2014, na ule wa saratani ukatoka 2024. Katikati yake, mwaka 2023, watafiti wengine walionesha kuwa hatari ya kupata ugonjwa wa Parkinson miongoni mwa askari wastaafu wa Lejeune ilikuwa juu kwa asilimia 70 kuliko ya wale wa Pendleton. Kutoka kufungwa kwa visima hadi majibu hayo ilipita takriban miaka 30 hadi 40.

Lakini tuangalie ni nani aliyehesabiwa. Utafiti wa vifo ulianza na askari walioingia jeshini kuanzia 1975, kwa kuwa ndipo kumbukumbu za kompyuta zilipoanza kuonesha kila askari alikuwa kikosi kipi. Waliotangulia, waliokunywa maji yaleyale tangu miaka ya hamsini, wakabaki nje ya hesabu. Wake na watoto hawakuwamo, maana jeshi huorodhesha askari wake. Ili kujua habari za watoto, watafiti walilazimika kuwatafuta wazazi kwa simu na kuwauliza kuhusu watoto 12,598 waliozaliwa kati ya 1968 na 1985. Wazazi walitaja watoto 106 wenye kasoro au saratani zilizokuwa zikichunguzwa. Waliothibitishwa kwa kumbukumbu za matibabu walikuwa 52. Wengine hawakuthibitishwa kwa kumbukumbu hizo. Mama aliyekuwa na mimba, aliyekuwa akinywa maji hayo nyumbani kutwa kucha, ndiye aliyeachwa na orodha.

Red Hill: mapema, lakini kwa hiari

Kwa kipimo hicho, Red Hill ilianza vizuri zaidi. Mwanzoni mwa 2022, miezi michache tu baada ya mafuta kumwagika, ATSDR iliendesha utafiti wa maswali. Watu 2,289 walijibu. Asilimia 87 kati yao walisema walipata dalili mpya au zilizozidi, na wengi wa hao walisema dalili zilidumu siku 30 au zaidi. Septemba mwaka huohuo waliulizwa tena. Safari hii waliojibu walikuwa 986, na asilimia 80 walisema walikuwa na dalili katika siku 30 zilizopita.

Takwimu hizi ni nzito, na udhaifu wake ni mzito vilevile. Waliojibu mara ya kwanza ni kama watu 25 kwa kila 1,000 waliohudumiwa na mfumo ule wa maji. Anayeumwa huwa na hamu ya kujibu kuliko asiyeumwa, na aliyehamishwa anaweza asiipate habari kabisa. Rejista huru inayoongozwa na Chuo Kikuu cha Hawaii ni hatua ya kuungwa mkono, lakini nayo inategemea mtu ajiandikishe mwenyewe. Mahakama pia haiwezi kuwa mbadala. Mwaka 2025 jaji wa shirikisho aliwapa walalamikaji 17 fidia ya jumla ya zaidi ya dola 680,000, lakini hukumu hutazama aliyeshtaki na madhara aliyoweza kuyathibitisha hadi siku ya kesi. Saratani ya mwaka 2045 haina wakili leo.

Hoja za wanaopinga

Wapo wasemao kuwa mfiduo wa Red Hill ulikuwa wa muda mfupi, tofauti na miongo ya Lejeune, na kwamba kuwaorodhesha watu wote kutawatia hofu na kuwafanya wahusishe kila maumivu na maji. Hoja ya muda ni ya haki. Huenda madhara ya kudumu yakawa madogo. Lakini hilo nalo ni jibu, na familia zina haki ya kulipata likiwa limethibitishwa. Kukosekana kwa hesabu kusigeuzwe kuwa cheti cha usalama. Kuhusu hofu, inayotia hofu zaidi ni kuambiwa maji ni salama huku pua ikisema vingine. Na anayehofia majibu yenye kuegemea upande wa wagonjwa ana dawa mkononi: aache kuwasubiri wanaojitolea, aanze na kumbukumbu za nyumba.

Jeshi linajua ni familia ipi ilikabidhiwa nyumba ipi. Orodha hiyo ikifungwa siku ya kwanza, ikiwa na mwenza, watoto, mimba, raia waliofanya kazi kambini na wakazi wa kiraia waliotumia mfumo uleule, watafiti wanaweza kuilinganisha kila baada ya miaka kadhaa na rejista za saratani, za vizazi na za vifo za majimbo yote, bila kumsumbua mtu kwa simu. Kundi linganishi lichaguliwe mapema kutoka kambi yenye maji safi. Tena orodha isihifadhiwe na aliyemwaga mafuta. Mtuhumiwa hatunzi daftari la mashahidi, hata awe mwaminifu kiasi gani, kwa sababu matokeo yatakayotoka humo lazima yaaminiwe na mtu aliyekwisha kudanganyika mara moja.

Hitimisho

Maji yakimwagika hayazoleki, na yaliyonyweka hayarudishwi. Kinachoweza kuokolewa ni ujuzi wa nani aliyanywa. Mtoto aliyekuwa tumboni Novemba 2021 atakuwa ametimiza miaka 40 mwishoni mwa 2062, pengine akiishi mbali na Oahu, pengine asijue kuwa mama yake aliwahi kupanga nyumba huko. Akifika kwa daktari na kuulizwa historia yake, hawezi kukumbuka maji aliyoyapata kupitia kitovu. Jina lake linapaswa kuwa limeandikwa mahali fulani, kando ya namba ya nyumba na jina la kisima, na watu wasiokuwa na cha kuficha.