Mbau Kati ya Ncha Mbili za Reli

Ramani ya reli za Afrika ya Kati haina mstari wowote unaopita Mbau. Kwa sababu hiyo ni rahisi kudhani kuwa historia ya treni haiihusu nchi ya Beni na Butembo. Dhana hiyo inapotosha. Eneo hili lilikuwa kati ya ncha mbili za reli, moja ya Wabelgiji na nyingine ya Waingereza, na kila moja iliishia kabla ya kulifikia.

Ya kwanza ni reli ya Vicicongo, iliyoanza kujengwa kutoka Aketi katika miaka ya 1920 na kufika Mungbere mwaka 1937. Njia yake ilikuwa nyembamba mno, milimita 600 tu. Ilikusanya pamba na mazao mengine ya Uele na kuyapeleka magharibi, yakafuate mto, kisha reli, hadi Matadi. Wabelgiji walipendelea mali ya koloni ipite katika ardhi ya koloni, hata pale ambapo Bahari ya Hindi ilikuwa karibu zaidi. Kwa Mbau, iliyo zaidi ya kilomita 200 kutoka Mungbere, reli hiyo ilikuwa imeelekea upande usiofaa.

Ncha ya pili, Kasese, ina uzito mkubwa zaidi. Reli ya kutoka Kampala, yenye urefu wa kilomita zipatazo 330, ilivushwa juu ya vinamasi vya mafunjo na kufunguliwa mwaka 1956. Kilichoivuta huko ni shaba ya Kilembe, iliyopelekwa Jinja kuyeyushwa kwa umeme wa Owen Falls. Mizigo ya Kongo ilitarajiwa pia, lakini reli haikuendelea hadi Mpondwe mpakani, mwendo wa kilomita 50 hivi. Sehemu hiyo fupi iliachiwa malori, na malori hayakuiachia tena.

Kuanzia mwaka 1960 Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilianza kupokea injini za dizeli za English Electric, nazo taratibu zikachukua nafasi ya zile kubwa za mvuke aina ya Garratt. Lugha haikubadilika kwa kasi hiyo. Hata baada ya mvuke kutoweka, watu waliendelea kusema "gari la moshi", na hawakukosea sana, maana dizeli nayo ina moshi wake mweusi.

Shirika hilo lilivunjika mwaka 1977, na Uganda ikabaki na reli yake peke yake. Uchimbaji wa shaba ulipokoma mwanzoni mwa miaka ya 1980, njia ya Kasese ilipoteza mzigo uliokuwa sababu ya kujengwa kwake. Ng'ambo ya mpaka mambo yalikuwa kinyume. Tangu hatua za Mobutu za mwaka 1973 za kutaifisha biashara, kahawa na dhahabu za Wanande zilizidi kuvuka kwenda Uganda, aghalabu bila kupitia forodha. Biashara ya namna hiyo haipendi stesheni: treni ina ratiba na hati za mizigo, ilhali lori huondoka usiku likitaka. Kwa hiyo reli ilikufa jirani kabisa na biashara iliyokuwa ikistawi.

Treni za abiria za Uganda zilisimamishwa mwaka 1997, na njia ya Kasese ikaachwa kuota majani. Abiria walirudishiwa treni Desemba 2015, lakini ilikuwa ya vitongojini tu, kati ya Kampala na Namanve.

Mbau, ambako njia ya Kamango huachana na ile ya Oicha na Komanda, imebaki kutegemea barabara peke yake. Tangu Oktoba 2014 mauaji ya ADF yamezifanya barabara hizo kuwa za hatari, na ile ya Kamango imewahi kufungwa kwa muda mrefu. Mradi ambao Uganda na Kongo ziliuzindua mwaka 2021 unahusu lami: Kasindi hadi Beni kilomita 80, Beni hadi Butembo kilomita 54. Reli haimo.