Tanuri la Winchcombe: Nani Alijua Moto?

Winchcombe, mashambani mwa Gloucestershire, Uingereza, kuna tanuri la matofali lenye umbo la chupa: tumbo pana, shingo nyembamba ya kutolea moshi. Vyungu vilichomwa humo mara ya mwisho mwaka wa 1954. Siku hizi limepoa, watu wanalitazama tu.

Jina linalotajwa sana hapo ni la Michael Cardew, msomi wa Oxford aliyekodi kiwanda hicho mwaka wa 1926, kikiwa kimefungwa kwa miaka mingi. Lakini ngoja kidogo. Cardew alikuta matofali. Ujuzi wa mahali pale alikuwa nao mzee Elijah Comfort, mfinyanzi wa zamani wa kiwanda kile kile, ambaye alikubali kurudi kwenye gurudumu. Na tanuri halina huruma: moto ukipanda haraka, unyevu ulio ndani ya udongo unageuka mvuke, chombo kinapasuka. Kazi ya wiki nzima, kwisha.

Baadaye Cardew alienda Afrika Magharibi, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 akaanzisha kituo cha ufinyanzi Abuja, Nigeria. Huko pia alimkuta mwenye ujuzi wake tayari: Ladi Kwali, aliyefunzwa na shangazi yake kufinyanga mitungi bila gurudumu. Ni huko Abuja ambako Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi, alijifunza kwa Kwali miaka ya 1970.

Basi tukilisifu tanuri, tumtaje pia mzee Comfort.