Kitufe Kisichopima Upepo

Gari lilikuwa Golf, moja ya yale yaliyotembea Japani miaka kadhaa kabla ya kupandishwa meli kuja bandari ya Dar es Salaam. Mama aliyekuwa akiliendesha alisimama mbele ya kijiwe cha pancha hapa Kiwalani, ndani kidogo ya Barabara ya Nyerere ambayo wazee bado wanaiita Pugu Road, akashusha kioo. "Kaka, hebu nizimie hii taa. Tangu juzi imenikodolea macho."

Ni ile taa ya manjano yenye alama ya mshangao. Walioichora wanasema ni tairi lililokatwa katikati. Mimi kila nikiitazama naona chungu.

Kijana wa kijiwe akapitisha mkono dirishani, akabonyeza kitufe pembeni ya gia na kukishikilia mpaka gari likalia mlio mmoja. Taa ikazimika. "Tayari, mama." Mzee mwenye kijiwe alikuwa amechuchumaa kwenye karai la maji, anatafuta povu la pancha nyingine. Hakuinua hata kichwa. "Upepo umepima?"

Hakuwa amepima. Geji ilipowekwa kwenye tairi la nyuma kushoto ikasoma psi 19.

Kwa muda mrefu tairi halikuwa na wa kulisemea. John Boyd Dunlop alitengeneza tairi lake la upepo Belfast mwaka 1888, akalifunga kwenye baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Karibu miaka 100 baadaye dereva bado alikuwa anapima upepo kwa geji, au kwa teke. Hata matairi ya kwetu, yale ya General Tyre ya Arusha, kiwanda kilichoanzishwa 1969 na kufungwa 2009, tuliyapima kwa teke. Gari la kwanza la abiria kupewa vihisi vya upepo magurudumuni lilikuwa Porsche 959 la mwaka 1986, ambalo mtu wa kawaida aliishia kuliona kwenye picha.

Taa hii ilishuka kwa watu wa kawaida kwa sababu ya vifo. Katika miaka ya 1990 magari ya Ford Explorer yenye matairi ya Firestone yalianza kupinduka. Ford ilishauri upepo wa psi 26 tu. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja zaidi kila linapozunguka, na kujikunja huko huzalisha joto. Ukiongeza mwendo na jua kali, kashata za juu zinabanduka zote kama ganda. Mwaka 1999 Ford ilikuwa tayari inabadilisha matairi hayo Saudi Arabia na nchi jirani za Ghuba, wakati Wamarekani wenyewe bado wanayaendeshea Texas na Florida. Agosti 2000 Firestone ikatangaza kuyarudisha matairi milioni 6.5. Marekani peke yake waliokufa walizidi 200. Tarehe 1 Novemba mwaka huohuo Rais Bill Clinton akatia saini sheria iliyoamuru kila gari jipya dogo liwe na cha kumwonya dereva.

Ugomvi ukahamia kwenye namna ya kuonya. Njia ya kwanza ni kuweka kihisi ndani ya kila gurudumu, kikipima upepo wenyewe na kutuma habari kwa redio. Ya pili ni rahisi na ya kijanja: haipimi upepo kabisa. Inatumia vihisi vya breki za ABS kuhesabu mizunguko. Tairi lililopungua upepo linakuwa fupi kidogo, kwa hiyo linazunguka haraka kuliko wenzake. Tatizo, matairi yote manne yakipungua pamoja hakuna wa kulinganishwa naye. Mwaka 2003 mahakama ya rufaa ya Marekani iliitupa kanuni iliyoiruhusu njia hiyo kwa masharti mepesi. Kanuni ya 2005 ikataka taa iwake upepo ukipungua robo, liwe tairi moja au yote. Ulaya walifuata, wakalazimisha magari yote mapya kuanzia Novemba 2014, na huko njia ya kuhesabu mizunguko iliboreshwa ikaendelea kuishi. Japani haikulazimisha. Ndiyo maana ukiwa na IST au Vitz huenda hujawahi kukutana na chungu changu.

Golf la mama yule ni la kuhesabu. Kitufe chake hakirekebishi kitu. Kinachofanya ni kuliambia gari: hivi magurudumu yalivyo sasa ndivyo sawa, shika hapo. Gari linaamini. Kijana alikuwa ameliapisha kwamba 19 ndiyo haki.

Mzee alifungua mlango wa dereva, akasoma kibandiko: 220. Hizo ni kilopaskali, kwa geji yetu 32. Msumari ulipatikana, tundu likazibwa, matairi yote yakajazwa yakiwa yameshapoa joto la lami, kisha kijana akaruhusiwa kubonyeza tena.

Wenye vihisi vya ndani wana shida nyingine. Betri ya kila kihisi imefungiwa humohumo, hudumu miaka mitano hadi kumi hivi, na magari yetu mengi hufika yameshaivuka. Betri ikifa, kila gari likiwashwa taa hupepesa kama dakika nzima kisha hubaki inawaka: hapo inalalamikia mfumo wenyewe, na hakuna kitufe cha kuituliza. Nimeona dashibodi iliyobandikwa solotepu nyeusi juu yake.

Mama alipoondoka, Fuso la mchanga likaegeshwa mahali pake. Utingo akaruka chini na kipande cha bomba, akaanza kugonga tairi moja moja. Matatu yaliita. La nne, la ndani nyuma, likajibu kwa kishindo cha godoro.

"Mzee," akaita, "njoo na mpira wako."