Baruti kwenye usukani: taa ya eabegi na njia ya Ujiji (Sehemu ya 4)

Wengi mmeniuliza kuhusu ile taa ya dashibodi yenye mtu aliyekaa na duara mbele ya kifua. Leo tunaingia humo, ila tuanzie mbali kidogo.

Karne ya 19 misafara ilitoka Bagamoyo, ikatua Tabora, mingine ikaendelea Ujiji. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba frasila mbili hivi, kama kilo 32, na kati ya mizigo iliyoingia bara ilikuwemo baruti. Mwaka 1871 Mirambo akaifunga njia, Stanley ikabidi azungukie kusini kumfuata Livingstone. Reli ilipofika Tabora 1912, upagazi ukaanza kufa. Siku hizi Tabora, Urambo, Kaliua mpaka Kigoma ni magari, mengi mtumba wa Japani. Na baruti bado inasafiri, safari hii imekaa mbele ya kifua chako.

Sitanii. Mmarekani John Hetrick aliomba hataza ya eabegi mwaka 1952 akitegemea hewa iliyoshindiliwa. Ikaonekana ni ya polepole mno. Waliofuata wakaweka kemikali inayolipuka: kihisi cha mgongano kinaruhusu umeme kidogo, kemikali inawaka, mfuko unajaa kwa takriban sehemu ya 30 ya sekunde.

Sasa kampuni ya Takata ya Japani ikatumia amonia naitreti, ambayo kwa joto na unyevu wa miaka mingi huharibika na kulipuka kupita kiasi, chuma kikipasuka na kumrukia dereva. Honda walianza kurudisha magari 2008, baadaye kampuni nyingi zikafuata. Takata ikafilisika 2017. Magari ya enzi hizo ndiyo haya haya tunayonunua! Chukua namba ya chesisi, iingize kwenye tovuti ya mtengenezaji wa gari lako. Taa haitakuambia hili, yenyewe inaangalia umeme tu.

Ukiwasha gari, kompyuta inapima saketi nzima. Ikikuta waya umekatika au soketi imelegea, taa inabaki inawaka, na kwa kawaida mfumo hujizima: ukigonga, mfuko haufunguki. Kwa barabara zetu za vumbi, anza na soketi za njano chini ya viti. Honi nayo ikigoma, shuku ule utepe wa waya uliojiviringa nyuma ya usukani. Lakini usiguse chochote kabla ya kuzima gari, kuchomoa betri na kusubiri dakika zilizoandikwa kwenye kitabu cha gari, maana umeme hubaki umehifadhiwa. Fundi anayetaka kupima eabegi kwa taa ya majaribio, mnyang'anye funguo. Anaweza kuilipua.

Kinachoniudhi ni wale wanaong'oa balbu au kuweka rizista ili kompyuta idanganyike, halafu gari linauzwa "halina tatizo". Sisi wodini tunapokea kifua kilichopiga usukani, mbavu zimevunjika, ndugu wanauliza mbona mfuko haukutoka.

Kwa hiyo ukienda kukagua gari, fungua swichi bila kuwasha injini. Taa lazima iwake sekunde chache kisha izime. Isipowaka kabisa, huenda kuna mtu kaichezea. Mwambie dalali akusomee kwa mashine mbele yako, kabla hujatoa hela.

Sehemu ya 5 ni mkanda na watoto wa kiti cha mbele.