Giaboksi za otomatiki za zamani: namna ya kuchagua seti ya marekebisho

Gari kuukuu la otomatiki linapochelewa kubadilisha gia, au gia zinapoingia kwa kuteleza, mwenye gari huambiwa mara nyingi kwamba dawa yake ni seti ya marekebisho: springi, vali, gololi na gasketi zinazofungwa ndani ya giaboksi ili gia ziingie upesi na kwa uthabiti. Nchini Marekani, ambako bidhaa hii ilienea kwa jina la Shift Kit, ushauri huo umeokoa giaboksi nyingi. Umemaliza nyingine pia. Tofauti hutokana na hali ya giaboksi kabla ya seti kununuliwa.

Kazi ya seti

Giaboksi za otomatiki zilizoundwa kabla ya zama za kompyuta huongozwa na shinikizo la mafuta. Pampu huyasukuma hadi kwenye bodi ya vali, pande la chuma lenye vijia vyembamba, nayo huyagawa kwa klachi na mikanda inayoshika kila gia. Watengenezaji hawakutaka abiria ahisi mshtuko. Waliacha matundu madogo na kuweka pistoni zenye springi ili shinikizo lipande polepole. Ulaini huo una gharama yake. Klachi huteleza kidogo kabla ya kushika, na msuguano huzaa joto, adui mkubwa wa giaboksi. Seti hupunguza muda huo wa kuteleza kwa kubadilisha springi na kupanua baadhi ya matundu.

Uchunguzi hutangulia ununuzi

Seti hairudishi klachi iliyolika. Mafuta mazima huwa mekundu na maangavu. Yaliyogeuka kahawia iliyoiva au meusi, yenye harufu ya kuungua, huashiria klachi zilizochakaa. Iwapo injini inanguruma ilhali gari halivuti, giaboksi inahitaji kufunguliwa na kukarabatiwa. Kufunga seti hapo ni kutwisha mgonjwa mzigo.

Wakati mwingine kosa ni dogo zaidi. Turbo-Hydramatic 350 ya General Motors, iliyotolewa mwaka 1969, hupima mzigo wa injini kupitia mpira wa hewa ulio ubavuni mwake. Mpira wa bomba la hewa hiyo ukipasuka, gia huchelewa na kuingia kwa kishindo. Katika 700R4, iliyoanza mwaka 1982, kazi hiyo hufanywa na waya unaotoka kwenye kabureta au kwenye mfumo wa petroli. Waya usiporekebishwa sawasawa, shinikizo hupungua na klachi huungua hata kama seti ni bora.

Kuitambua giaboksi

Seti hutengenezwa kwa aina moja ya giaboksi, wala si kwa jina la gari. Jina la gari halitoshi, kwa kuwa giaboksi huenda ilikwisha kubadilishwa. Umbo la sampu, yaani bakuli la mafuta la chini, husaidia: ya Turbo-Hydramatic 350 ina bolti 13 na pembe moja iliyokatwa, ya 700R4 ni ya mstatili na ina bolti 16.

Kiwango kinachofaa

Seti nyepesi hutosha kwa gari la safari za kila siku. Ya kati hufaa gari linalovuta trela au kubeba mizigo mizito. Ya tatu, ya mashindano, mara nyingi humwachia dereva kazi yote ya kubadilisha gia. Haifai kwa gari la familia. Kishindo kikubwa si dalili ya ubora, kwani nguvu hiyo huishia kwenye propela na difu.

Ufungaji

Tundu likishapanuliwa kupita kipimo halirudi. Fundi hana budi kufuata kipimo cha keekee kilichoandikwa kwenye maelezo ya seti, kuchora mahali pa kila gololi kabla ya kuiondoa, na kuepuka vitambaa vinavyoacha nyuzi, kwa kuwa uzi mmoja waweza kukwamisha vali. Bolti hukazwa kwa zamu na kwa kipimo, ili bodi isijipinde. Chujio na mafuta mapya huwekwa siku hiyohiyo.

Katika nchi za Afrika Mashariki, ambako magari mengi ya otomatiki ni ya Kijapani yaliyokwisha kutumika, seti za giaboksi za Kimarekani hazina nafasi. Kanuni ndiyo ileile. Anayekwenda gereji aanze kwa kumwomba fundi amwonyeshe mafuta ya giaboksi juu ya kitambaa cheupe. Rangi na harufu yake ndizo zitakazoamua iwapo fedha ziende kwenye seti au kwenye ukarabati.