Yanga: Miaka Tisini ya Watoto wa Jangwani

Mwaka 1935 Waingereza walikuwa wameugawa mji wa Dar es Salaam mafungu matatu. Uzunguni ilikuwa upande wa bahari, Uhindini katikati, na ng'ambo ya Mnazi Mmoja ndiko walikoachiwa Waafrika. Huko, Kariakoo, ambako mitaa inateremka kwenda Bonde la Msimbazi, ilizaliwa Young Africans, Yanga yetu.

Vijana walikuwa wakikutana jioni viwanja vya Jangwani, na kabla ya kuitwa Young Africans timu ilishabadilisha majina, mojawapo likiwa New Youngs. Jina lililodumu ni hili la Waafrika. Tukumbuke kwamba TANU ilikuja miaka 19 baadaye. Vijana wa Uswahilini kujitangaza hivyo chini ya bendera ya mkoloni kulitaka kifua. Heshima yao haijalipwa, na sidhani kama italipika.

Mwaka 1936 baadhi ya wenzetu walijitenga wakaunda timu yao, iliyokuja kuitwa Sunderland na tangu 1971 Simba. Ya ndani ya siku zile tuwaachie wenyewe. Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Mpaka leo makao yao Mtaa wa Msimbazi na yetu Mtaa wa Twiga hayaachani hata robo saa kwa miguu, na tumezikana na kuozana miaka yote hiyo.

Mfadhili wa kumtaja kwa dua ni Mzee Abeid Amani Karume, Rais wa kwanza wa Zanzibar, aliyetushika mkono mpaka likasimama jengo letu la Twiga na Jangwani. Nyuma yake upo uwanja wa Kaunda. Masika yakikolea, Mto Msimbazi hupanda, uwanja ukageuka bwawa. Maji yakishuka hubaki tope jeusi lenye nyasi zilizolala upande mmoja. Wanachama huingia na makoleo. Klabu hii imejengwa hivyo.

Uwanjani nako ikaja neema. Tulitwaa ubingwa wa taifa mara tano mfululizo, 1968 hadi 1972. Tarehe 1 Juni 1968 watani wetu Sunderland walikula tano bila. Mwaka 1969 tukafika robo fainali ya klabu bingwa Afrika, tukatoka sare na Asante Kotoko ya Ghana nyumbani na ugenini, mshindi akaamuliwa kwa kurusha shilingi. Ikawaangukia wao. Hakuna aliyetufunga mwaka ule katika mechi zile mbili, na hilo lisemwe kila mara.

Lakini mechi ya kusimulia wajukuu ni ya uwanja wa Nyamagana, Mwanza, tarehe 10 Agosti 1974. Adam Sabu alishaifungia Simba mapema, muda ukawa unayoyoma, watani wameanza kupongezana. Zikiwa zimebaki dakika chache Gibson Sembuli akasawazisha. Muda wa nyongeza Sunday Manara, yule tuliyemwita Kompyuta, akapachika la pili. Nimewaona watani watu wazima wakibadili mazungumzo kila Nyamagana inapotajwa. Sunday ndiye aliyekuja kutufungulia njia ya kwenda kucheza Ulaya, Uholanzi.

Mwaka 1975 tukaifunga Simba 2-0 Zanzibar, tukachukua kombe la klabu la Afrika Mashariki na Kati. Kisha maneno yakaingia nyumbani. Mwaka 1976 baadhi ya vijana wetu waliondoka, ikazaliwa klabu ya Pan African. Ilikuwa miaka ya mtihani, tukavumiliana, na 1981 ubingwa ukarudi Jangwani.

Yaliyofuata yanajulikana: kombe la Afrika Mashariki na Kati mwaka 1993 na 1999, yote Kampala, kisha 2011 na 2012 hapa nyumbani, hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika 1998, ya kwanza kwa klabu ya Tanzania, fainali ya Kombe la Shirikisho 2023 dhidi ya USM Alger, tuliyoikosa kwa bao la ugenini tu, Simba 5-1 tarehe 5 Novemba 2023, na ubingwa wa taifa mara nne mfululizo, 2022 hadi 2025.

Wanachama wenzangu, mwenye kadi ya zamani, picha ya kikosi au jezi ya marehemu baba yake asiifungie sandukuni. Ailete Mtaa wa Twiga, ihifadhiwe pamoja na nyingine wakati wazee wa kuzieleza bado wapo.