Vyuo vya Wananchi na Mashine ya Kuhesabu

Atakaye kujua ujira wa elimu hana budi kuuliza kwanza elimu hiyo ilikusudiwa nini. Kijana wa Kibaha au wa Kisarawe aulizapo kama kujifunza kuandika programu za kompyuta katika chuo cha karibu na kwao kutampatia kazi, swali lake lina mizizi mirefu kuliko adhaniavyo.

Mwaka 1844, huko Rødding, Denmark, kilifunguliwa chuo cha kwanza cha wananchi kwa fikira za Grundtvig, aliyetaka mkulima asome pasipo kutishwa na mitihani. Fikira hiyo ilienea Sweden, kisha ikafika kwetu. Kibaha ilikuwa imekwisha kujuana na watu wa kaskazini tangu 1963, zilipokubaliana Denmark, Finland, Norway na Sweden kujenga huko kituo cha elimu, afya na kilimo, ambacho Tanzania ilikabidhiwa mwaka 1970. Mwaka 1975 Serikali, kwa msaada wa Sweden, ilianza kuunda Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi. Hatimaye vilizidi 50, vya Kibaha na Kisarawe vikiwamo. Kusudi lake halikuwa kumtoa mtu kijijini akatafute mshahara, bali kumrudisha kijijini na ujuzi: useremala, uashi, ushonaji, kilimo.

Lakini mwaka mmoja kabla yake, 1974, Serikali hiyo hiyo ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Ya kwanza ilikuwa imewekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Jaribio la kuitwika kompyuta hesabu za Serikali liliharibika, hasara ikawa kubwa, na wananchi waliojua mambo ya ndani ya mashine hiyo walikuwa wachache mno. Wengi huilaumu marufuku ile kwamba ilituchelewesha. Lawama hiyo ni ya haki, lakini haikukamilika. Mashine haikutushinda kwa sababu ya ugeni wake. Cherehani nayo ni ngeni, na fundi wa Kisarawe huifungua, akaisafisha, akaifunga. Kompyuta ilitushinda kwa kukosa fundi. Mlango mmoja ulifungwa mbele ya mashine, mwingine ukafunguliwa kwa mafundi, na milango hiyo miwili haikukutana.

Amri ililegezwa kidogo kidogo. Mwaka 2008 M-Pesa ilianza kupeleka fedha kwa simu nchini, na mwaka 2009 mkongo wa SEACOM ulifika Dar es Salaam kupitia chini ya bahari. Kompyuta ikatoka wizarani ikaingia mfukoni.

Je, kazi ipo? Cheti kifupi hakitamshinda mwenye shahada mlangoni pa benki. Kumwambia kijana vingine ni kumdanganya. Tena kuandika barua kwa kompyuta si kuandika programu, kama vile kuvaa kanzu si kujua kuishona. Lakini chama cha wakulima wa korosho kina mizani na madeni ya kuandika. Zahanati ina dawa za kuhesabu. Duka lina bidhaa zisizojulikana idadi. Kazi za namna hii hazitangazwi gazetini. Fundi huzipata kwa kuonyesha alichokitengeneza, baada ya miaka ya mazoezi na kwa malipo madogo mwanzoni.

Mwaka 1974 tulikosa mafundi, tukafunga mlango. Tukimfundisha kijana kubonyeza tu, tutakuwa tumelirudia kosa lile mlango ukiwa wazi.